Mfungo wa Minza

Kasense, Sumbawanga
Jumamosi, juma la tatu la Kwaresima

Dada yangu Bertilla,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, shemeji Cleophas na watoto, na kwamba ziwa haliwasumbui sana huko Kipili. Huku kwetu ni baridi na mvua za kila alasiri. Mahindi yamebeba na ulezi unaendelea vizuri. Mimi mwili ni mzima. Najua mwandiko wangu umekushtua. Ningekupigia simu, lakini namba yako niliifuta, na hata ningeipata kwa mtu, ningekata kabla hatujafika mbali. Kwenye karatasi angalau nikipandwa na hasira naweza kuinuka, nikazunguka uani, nikarudi. Tangu nianze salamu hizi nimeinuka mara kadhaa, na maharage yameungua.

Nina mtoto darasa la nne anaitwa Minza, binti Masunga, wale Wasukuma wafugaji waliohamia ng'ambo ya mashamba yetu. Kwao hawajabatizwa. Baba yake alimleta shuleni kwetu kwa sababu alisikia Masista wanaoiendesha hawana mchezo na kusoma. Mtoto huyo hataki kula, nami sina raha ya kukaa wala kusimama.

Unaijua Kwaresima ya shule zetu. Kila mtoto huleta konzi ya unga kwa ajili ya wazee wasiojiweza, na kila mmoja huchagua kitu cha kujinyima. Wengine ni wajanja. Mmoja, Faith, kajinyima mchicha, ambao hajaupenda tangu azaliwe. Jumatano ya Majivu niliwafundisha kwamba Yesu hapendi wanaojionyesha, na kwamba anayefunga anawe uso na kujipaka mafuta ili watu wasimtambue. Niliona nimefundisha vizuri sana siku hiyo.

Kuanzia kesho yake Minza akawa anakuja uso na nywele vinang'aa samli ya kwao. Mimi, mwalimu wa dini, nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamsifu kwa usafi, nikawaambia wenye miguu ya tope wamwige. Alitazama chini tu. Kumbe uji wa saa nne alikuwa akiwamiminia wadogo wa darasa la kwanza, na makande ya mchana vivyo hivyo. Wenzake walimwona wote. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa niliwafundisha mwenyewe kuwa kufunga ni siri.

Jana kwenye Njia ya Msalaba tulipiga magoti uwanjani, tukainuka, yeye akabaki chini. Nilidhani anasali. Pale zahanati nesi alimpima, akasema hana malaria wala kitu kingine, ni njaa. Jioni kwao alikuwa akinywa maziwa kidogo ili mama yake asishtuke, basi.

Masunga alikuja shuleni na baiskeli. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alitusalimia vizuri, akauliza kama ni kweli watoto wa wenzake wanakula binti yake akiwatazama. Akasema kwake hata ndama akikataa kunyonya, mtu hukaa naye mpaka anyonye. Kama mtoto hatakula hadi Jumatatu, hatarudi tena shuleni, atachunga ndama na dada zake. Ni mtu wa maneno machache na ninamwamini.

Sista Hellena, mwalimu mkuu wetu, alimweleza Minza kwamba Kanisa halimlazimishi mtoto kufunga. Alijibu kwa adabu kwamba hakulazimishwa, ameahidi, na hataacha mpaka apewe alichoomba. Alichoomba hakutaka kukitaja.

Leo asubuhi nilikwenda kwao na chupa ya uji wa ulezi niliotia karanga na sukari. Tulikaa naye karibu na zizi la ndama. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikambembeleza tena. Mwishowe akaniambia, mimi peke yangu.

Dada, ile Jumatano, ili kunogesha somo, niliwaambia watoto kwamba hata mimi mwalimu wao kuna mtu wa damu yangu tusiyesalimiana naye tangu mama alipofariki, nikawaomba waniombee. Niliyasema kama walimu tunavyosema, na kengele ya mapumziko ilipogongwa nilikuwa nimesahau. Minza hakusahau. Anafunga ili mimi na wewe tusalimiane.

Nikamwambia haraka haraka kwamba tumekwisha kusalimiana. Alifurahi mpaka akacheka. Akashika kikombe, akakileta mdomoni, halafu akaniuliza wewe ulijibuje. Nikageuka kutazama ndama. Akakirudisha chini taratibu, bila kunilaumu.

Sasa nikuambie ukweli, maana nimechoka kuuzunguka. Sijakusamehe. Mama alikuulizia mpaka sauti ikamwishia, nawe ulifika tumekwisha kuanua matanga. Ulisema mvua ilikata barabara, ilhali siku zile zile magari ya samaki kutoka Kipili yalikuwa yakiingia sokoni hapa. Sitakuandikia maneno matamu ili mtoto ale. Yule angeyatambua, na wewe pia. Lakini kukusalimia naweza, na nimekusalimia. Sijui kama huku ni kuanza kusamehe au ni hofu tu ya mtoto kunifia mikononi.

Dereva wa basi la Kipili anaondoka mchana huu. Amekubali kukupa barua mkononi, na kesho anageuza. Tafadhali usimwache arudi mikono mitupu. Najua nawe una yako moyoni juu yangu. Yaandike yote, nitayasoma nikiwa nimekaa. Na kama huna neno la kunijibu mimi, mjibu Minza. Uji niliuacha kwao, na mama yake anaupasha kila unapopoa.

Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule mdogo ambaye sijamwona. Mungu awalinde, na Pasaka iwakute wote wazima.

Ni mimi mdogo wako,
Otilia