Mpira Alioukalia Mtani

Baba Zuhura,

Nakuandikia kwa herufi zile zile za Kiarabu nilizojifunza chuoni, ulizokuwa ukizicheka kwamba zimelala kama kuku wanaougua mdondo. Cheka tu. Hapa Bigwa mvua imekatika, mlima umejifunua, na mwanao hajambo.

Leo nimekumbuka msimu ule mliocheza mpira ninyi wa chuo cha askari. Kila Jumapili mliwafunga watu, nawe nahodha ukarudi nyumbani unatembea kama jumbe. Ukabaki mchezo mmoja, na mafundi wa reli. Washindi wangepelekwa Dar es Salaam kwa gari la moshi, na wewe bahari hukuwahi kuiona. Mimi uliniahidi kanga.

Lango lao alililinda Mihambo, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru. Ulipiga mpira kwa nguvu, akaudaka, kisha akaukalia!

"Mluguru hapati bao hapa mpaka alipe kuku!"

Uwanja mzima ukacheka. Ukavua kofia niliyokushonea, ukampa iwe rehani ya kuku. Mwalimu wenu Mdachi hakucheka. Aliona anadharauliwa, akaagiza kiboko. Ukasimama mbele yake: "Bwana, huyu mtani wangu. Hana kosa." Akakwambia uchague: Mihambo achapwe, au ninyi mhesabiwe mmeshindwa. Ukachagua kushindwa. Timu ikavunjwa siku ile ile, ukaja nyumbani na mpira kwapani. Nilinuna kwa ajili ya kanga yangu. Wewe ukasema tu, "Mama Zuhura, bahari haihami."

Haikuhama kweli. Ulihama wewe, kwa homa.

Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani. Mara akaja mtu mbio kutoka makaburini: Mihambo ameingia kaburini, ameketi, anasema Mluguru hazikwi mpaka yeye apewe mpira. Watu wakatabasamu, maana ndiyo kazi ya mtani. Lakini mimi nilikuwa nimeukumbatia, bado unanukia mafuta uliyoipaka ngozi yake. Nikasema sitoi. Mama yako akanishika bega: "Mwanangu, utamweka mumeo juani?" Nikautoa, na iliniuma sana.

Walipotoka kuzika, Mihambo akaja uani. Tukangoja vichekesho vyake, kwani mtani halii msibani. Akaukalia mpira mlangoni petu kama siku ile, akafungua kinywa, akaangua kilio. Watu wakainamisha nyuso. Mimi nami si Mluguru? Nikamwendea.

"Inuka hapo. Mnyamwezi halii hapa mpaka arudishe kofia ya mume wangu!"

Akacheka huku machozi yanamtiririka, akaitoa kifuani. Alikuja nayo. Mpira pia akaniachia.

Sasa hupita hapa mara kwa mara, anapiga hodi: "Mama Zuhura, yuko wapi kuku wangu wa marehemu?" Namfukuza kwa matusi ya utani, anakwenda zake anacheka. Kuku ninao, wananenepa. Simlipi ng'o. Akishalipwa, nani tena atakuja kubisha mlango huu akikudai wewe?

Lala salama, baba.

Mkeo,
Mama Zuhura