Maswali Yasiyokuwa Kwenye Orodha ya Kaka

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na unisamehe kama barua itakuwa ndefu, maana mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, nyumbani wananiita Kimya, na hata hii nimeiandika mara tatu ndipo nikapata moyo wa kuituma.

Nimemaliza shule mwaka huu na ninaishi na wazazi wangu. Baba ni fundi wa makochi, karakana yake iko nyuma ya nyumba, na mama alikuwa muuguzi, sasa amestaafu. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu, na yeye huu ni mwaka wa kumi na moja yuko ng'ambo, ameoa hukohuko na ana mtoto anayeanza kutembea, na amewaombea wazazi viza ya kwenda kukaa naye moja kwa moja. Mimi simo kwenye fomu kwa sababu umri wangu umeshapita, nitahamia kwa mama mdogo. Karatasi zimekubaliwa, picha zimepigwa mara mbili kwa kuwa ile ya kwanza baba alitabasamu ikakataliwa, na kilichobaki ni mahojiano ubalozini, ambako wataitwa mmoja mmoja, kila mtu na dirisha lake.

Kaka akanitumia kwenye simu orodha ya maswali ishirini na sita, akasema niwafanyishe mazoezi kila siku, hasa baba, kwa sababu baba ukimuuliza swali na yeye anakuuliza lake. Nikayanakili kwenye daftari. Nikatoa kitambaa mezani, nikavaa miwani ya mama ya kusomea na koti la baba la kwendea harusini, wakawa wanaingia sebuleni kwa zamu, mmoja akiwa ndani mwingine yuko jikoni au karakanani. Siku ya kwanza nilimuuliza baba ana watoto wangapi.

"Wawili, mheshimiwa. Mmoja yuko huko, mwingine ndiye wewe."

"Mimi ni afisa."

"Basi afisa amefanana na binti yangu, mpaka pua."

Mama akasikia toka jikoni, akasema, "Mzee, mwambie hivyo afisa wa kweli uone kama hutarudishwa na pua yako."

Tulicheka, lakini kuanzia hapo baba akalichukulia jambo kwa uzito, akawa anabisha hodi kwenye mlango wa sebule yake mwenyewe na kusubiri akaribishwe. Na mimi, ambaye nikiwa na wageni hata kuomba chumvi naona haya, nikavaa lile koti nikaona naweza kuuliza chochote na nikajibiwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Swali la kumi na mbili linahusu kazi ulizowahi kufanya, na baba alipomaliza kujibu nikajikuta nauliza kama kuna kazi aliyoitaka akaikosa. Halikuwa kwenye orodha. Akafikiri kidogo, akasema alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na ndiyo sababu hukata kitambaa cha kochi bila kubakiza hata kipande cha kufutia meza. Mshauri, mimi hesabu zimenitesa miaka yote ya shule, nikizificha karatasi za mtihani chini ya godoro, kumbe naishi na mtu aliyezipenda na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi sikuweza kuacha. Kila siku nikawa nachomeka swali langu moja au mawili katikati ya yale ya kaka. Nilimuuliza mama kama aliwahi kukataa mchumba, akasema, "Wawili, mheshimiwa, na mmoja alikuwa na gari." Nilipouliza walivyokutana, swali ambalo liko kwenye orodha, mama alisema ni kwenye foleni ya kupima macho, baba akasema ni harusini kwa rafiki yake, na kila mmoja ana uhakika kabisa. Nilikuwa nayaandika majibu nyuma ya daftari, si kwa ubaya, nilitaka tu kujua, maana wanaondoka na nilihisi kama nimepewa kitabu siku ya kukirudisha maktaba.

Juma lililopita nikamuuliza baba, kama ingekuwa ni yeye peke yake, angekwenda? Akaangalia kucha zake. Akasema, "Nisingekwenda, mheshimiwa. Karakana yangu iko hapa. Ila mama yao hajamshika mjukuu hata mara moja, na hanung'uniki, ndiyo maana naenda." Kesho yake nikamuuliza mama swali hilohilo, akanisogelea kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu namwona kwenye simu na anakua vizuri. Mimi naenda kwa ajili ya mgongo wa mzee. Huko atatibiwa, na hakutakuwa na kochi la kumwinamisha. Lakini hilo usiliandike."

Sasa nafanya nini? Mahojiano yamebaki majuma matatu. Fundi mwenzake baba anayetaka kuichukua karakana ameshakuja kuipima. Kaka ametutumia picha ya chumba alichokipaka rangi kwa ajili yao. Nikisema, watajua nimewahoji kwa hila, na sijui kama watanijibu tena maishani. Nikinyamaza, watahama nchi kila mmoja akimfanyia mwenzake hisani ambayo mwenzake hakuiomba. Na afisa wa kweli akiwauliza hilo, je? Na je, ni kosa kutaka kuwajua wazazi wako?

Afisa wa Mezani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusikia vizuri kuliko wengi wanaopiga kelele.

Nianze na la mwisho. Kutaka kuwajua wazazi wako si kosa, na nimekuonea wivu kwa lile jibu la mchumba mwenye gari. Kosa ni koti. Wao walidhani wanajibu maswali ya kaka yako, wewe ukawa unakusanya ya kwako na kuyaficha nyuma ya daftari. Usijipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kusema hukuwa na ubaya. Mama yako alikwambia usiandike, na umeniandikia mimi, gazetini.

Pia usijione umeshajua kila kitu. Una jibu moja kwa kila mtu, lililotolewa mbele ya afisa. Muuguzi anayesema mjukuu wa kwenye simu anamtosha, mimi namwekea alama ya kuuliza. Huenda anataka kwenda kuliko alivyosema, na huenda baba yako pia anajiuliza huko kukoje. Hujui, na mimi sijui. Wanaojua hawajawahi kukaa meza moja wakaulizwa pamoja.

Kwa hiyo fanya hivi kabla juma halijaisha. Watoe wote wawili jikoni na karakanani, waketi. Waambie wewe mwenyewe kwamba uliongeza maswali, na uombe radhi bila hadithi ndefu. Usimsemee mama kwa baba, wala baba kwa mama. Liulize tu swali lile la mwisho tena, mara moja, bila miwani na bila koti, halafu nyamaza. Hicho ni kipaji chako, kitumie. Baba akikurudishia swali, endelea kunyamaza.

Wakishajibizana, ndipo mpigieni kaka. Asisikie haya kutoka kwako pembeni, aliyeshika brashi ya rangi anastahili kuambiwa na wazazi wake. Viza ya kuhamia na viza ya kutembelea ni karatasi mbili tofauti, aulize huko aliko kama ombi linaweza kubadilishwa na kwa utaratibu gani. Lakini fundi anayepima karakana aambiwe siku hiyohiyo asubiri.

Kuhusu dirisha la ubalozini, acha kuwafundisha majibu. Kila mtu aseme anachokikumbuka. Foleni ya macho na harusi vinaweza kuwa kweli vyote viwili, ila mmoja wao hakuwa anaangalia mara ya kwanza.

Halafu kuna jambo moja limenikera. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipoandika wewe unataka nini, na sikupaona. Umeniambia utahamia kwa mama mdogo kama mtu anayetaja mahali litakapowekwa kabati. Kwenye daftari lote hilo kuna mtu mmoja hajahojiwa.

Wakimaliza, kaa kwenye kiti chao. Mpe baba yako lile koti, ni lake. Na atakapokuuliza kama unataka waondoke, usimwite mheshimiwa. Mwite baba, ujibu kwa sauti.