Magogo ya Shimo la Fisi

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimekamua ng'ombe, nimefagia zizi, nimenyunyiza dawa ya kupe. Mbuzi mmoja hayuko. Damu kando ya ua, nyayo za fisi hadi mtoni. Huyu ni wa tatu. Akinyi, mke wangu, hakulia. Alikunja kamba ya mbuzi akaitundika ukutani. Maafisa wa wanyamapori wamepigiwa simu tena. Wako njiani, kama juzi.

Alhamisi, 6 Machi

Vijana wa kijiji wamepajua fisi anapolala. Shimo la zamani la dhahabu, linaloingia ubavuni mwa kilima nyuma ya shule. Ouma, kaka yake Akinyi, amefika kutoka Homa Bay na mbwa wawili. Kesho tunawinda.

Wote wanajua nilifanya kazi migodini Masara miaka sita, fundi wa magogo ya kushikilia paa. Hawajui kwamba udongo ulinifunika siku nzima. Nilisema niliacha kwa sababu ya kifua. Hata Akinyi nilimwambia hivyo. Nimechoka na hatujaanza.

Ijumaa, 7 Machi



Tulikuwa watu kumi na wawili. Nilisimama nyuma kabisa, nikisema nalinda viatu walivyovua wenzangu. Waliamua kumtoa fisi kwa moshi wa pilipili. Kuni hazikuwepo. Wakang'oa magogo ya mlangoni mwa shimo, makavu, mazuri kwa moto. Niliona. Nilijua yanabeba nini. Nikanyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo wangesema basi ingia wewe unayejua.

Moshi ukapungua. Fisi hakutoka. Ouma akachukua mkuki na tochi.

"Shemeji, wewe kaa na viatu, visiibwe!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Akaingia.

Fisi akachomoka, akapita katikati yetu sote. Hakuna aliyerusha mkuki. Kisha paa la mlangoni likashuka, Ouma akiwa ndani.

Halafu sauti yake, ndogo. "Shemeji! Mguu!" Watu walisimama tu. Aliyekuwa akiitwa ni mimi.

Nilitapika. Nikavua koti, nikatambaa kwa tumbo kwenye upenyo uliobaki, nikisukuma mbele gogo moja ambalo halikuwa limeungua. Nikalisimika chini ya jiwe la paa. Udongo ukanimwagikia shingoni. Nilijikojolea. Nyuma ya Ouma, gizani, macho mawili. Fisi wa pili. Hakusogea, nami sikuwa na mkuki. Nikaendelea kuchimba kwa mikono.

"Omera, ndugu yangu, umekuja," alisema.

Nilimvuta tukatoka.

Jumapili, 9 Machi

Ouma yuko hospitalini, Migori. Mguu umevunjika mara mbili. Nimemwambia Akinyi yote. Udongo wa Masara. Magogo. Aliuliza, "Uliwaona waking'oa?" Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni. Hajanisemesha tangu asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani pasta alitaka nisimame nishuhudie ushujaa. Nilikataa. Fisi alionekana jana kwa jirani.

Mchana tulikwenda hospitalini, mimi na Akinyi. Nilimwambia Ouma habari ya magogo mwenyewe. Aliangalia plasta yake.

"Si ungesema tu, shemeji."

"Nilipaswa kusema."

Akaomba nimwinulie mto. Nikauinua. Akinyi akamenya ndizi, akaikata. Nusu akampa Ouma. Nusu akanipa mimi. Nikala.