Nimezaa wakili, jibu ni "inategemea"

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi nitaisubiri ya kwako hapo gazetini. Mimi ni Mama Wilbert wa Kibosho, ukishuka kwenye gari ukauliza mama yake wakili yuko wapi hutapotea, maana Wilbert ndiye wakili wa kwanza katika ukoo wetu, nimemsomesha kwa kahawa na ndizi, na siku anaapishwa nilipiga vigelegele mpaka askari akanisogelea, nikamwonyesha yule mwenye joho ni nani kwangu, akarudi kusimama mahali pake. Sasa naomba unisaidie, kwa sababu nimezaa wakili na jibu sipati.

Iko hivi. Mume wangu marehemu Sirili tulimzika kihambani kwetu, kwenye shamba la nyumbani, kama ilivyo desturi, kule pembeni karibu na masale, ile mimea ya mpaka ambayo baba mkwe aliipanda mwenyewe kutenga kihamba chetu na cha shemeji yangu Vedastus, mdogo wake Sirili. Yalikuwa mazishi ya heshima, nilileta mpiga picha kutoka mjini, na picha kubwa iko sebuleni, Wilbert amesimama pale kaburini na suti nyeusi, imemkaa mpaka padri akauliza fundi ni nani. Basi mwaka huu nikateremka Kahe kumsaidia dada yangu Dainess kuvuna mpunga, niliporudi nikakuta masale yameng'olewa, yamepandwa upya upande wetu wa kaburi, kwa hiyo siku hizi mume wangu amelala kwa Vedastus, na mimi nikitaka kupalilia kaburi lake ni lazima nipige hodi.

Nikampigia Wilbert. Mimi huwa naweka spika, kwa sababu simu ya wakili si ya kusikiliza peke yako, na majirani nao wapate elimu. Siku hiyo tulikuwa kwa Mektrida anayeuza mbege, pombe yetu ya ndizi, watu wamejaa, hata Vedastus mwenyewe alikuwepo kwenye benchi na kibuyu chake. Nikauliza kwa sauti, huyu baba yako mdogo ana haki ya kuchukua kaburi? Wilbert akasema, "Inategemea, mama." Nikamuuliza inategemea nini, akasema inategemea mambo mengi. Watu wakatazamana. Nimempigia tena na tena mbele ya watu walewale ili airudishe heshima yake, jibu ni hilo hilo, na sasa hapa kwetu ukimuuliza mtu kama maharage yameiva anakujibu inategemea, halafu wanacheka.

Nikasema basi nijaribu mawakili watoto wa wenzangu. Mmoja ana ofisi mjini, ana kiti kinachozunguka, akanitajia vifungu vya sheria kama anayesoma litania, ikabaki kidogo niitikie utuombee, na nilipotoka nilikuwa najua vifungu vingi ila sijui kaburi ni la nani. Mwingine anajibu maswali redioni, nikapata laini, akasema swali langu ni zuri sana, akalisifu na kulisifu mpaka ukaingia wimbo.

Sasa Jumapili Vedastus kaja nyumbani na jani la isale, la masale hayohayo, amelipiga fundo, anaomba msamaha. Wewe kama si wa huku, ujue isale halikataliwi, hata aliyekulia ng'ombe wako akilileta unalipokea. Anasema nimsamehe yaishe, ila mpaka ubaki ulivyo sasa. Nikamwambia anipe nafasi nifikirie, akasema nijibu Krismasi, ukoo wote ukishapanda mlimani. Wilbert katuma ujumbe, "Usipokee chochote, mama," basi, hakuna kingine. Nikilikataa nitakuwa yule mwanamke aliyekataa isale, hakuna atakayenipa hata mche wa mgomba. Nikilipokea, Sirili wangu kabaki ng'ambo. Nipokee au nisipokee? Na wewe usiniambie inategemea.

Mama yake Wakili Wilbert, Kibosho

MSHAURI ANAJIBU

Mama Wilbert, shikamoo, maana mkubwa ni wewe. Pole sana kwa marehemu kuhamishwa bila kuamshwa.

Sasa nikugombeze kidogo. Unamuuliza wakili wako siri za shauri lako, na mtu unayegombana naye amekaa kwenye benchi anakunywa mbege na kusikiliza. Ulitaka kijana aseme nini? Akutajie mashahidi wako mmoja mmoja ili Vedastus awawahi majumbani kwao? Kwenye spika yako Vedastus alikuwa anapata wakili wa bure, na Wilbert alimnyima. Umemsomesha vizuri, mama. Umeshindwa tu kumwacha afanye kazi aliyosomea.

Lakini na yeye asijione amepona, najua utamsomea hapa. Wakili anayemwambia mama yake "inategemea" akaishia hapo hana tofauti na daktari anayekwambia unaumwa kisha anafunga mlango. Angeweza kukupigia baadaye. Na hao wenzake wa kiti cha kuzunguka na wa kusifu maswali, waambie mtu akiuliza kaburi ni la nani hajaomba kufundishwa sheria yote ya ardhi.

Jibu langu: lipokee isale. Msamaha unaondoa kinyongo, hauhamishi ardhi. Ila usilipokee chumbani. Lipokee Krismasi mbele ya ukoo, na mwenyekiti wa kitongoji mwalike mapema, mpe kiti. Kabla hujanyoosha mkono sema hivi: "Shemeji, nimekusamehe kuyang'oa masale, sasa yarudishe yalipokuwa." Halafu nyamaza, najua ni vigumu. Mtu haombi msamaha kwa mpaka ambao hakuuhamisha, na wote watakuwa wamemwona na jani mkononi. Siku hiyo usiweke sahihi wala dole gumba popote, hata wakikwambia ni mahudhurio. Akigoma, nenda baraza la ardhi la kata mkasuluhishwe, na ikishindikana huko, lipo la wilaya.

Kuna jambo hukuligusa kabisa, na hilo linanitia wasiwasi kuliko masale. Je, mirathi ya Sirili ilifunguliwa? Kama bado, hilo ndilo la kwanza kumuuliza Wilbert, kwa sababu utaulizwa unadai kihamba kama nani, na kusema mimi ni mama yake wakili hakutoshi.

Tena shusha ile picha ya sebuleni. Miaka yote umeitazama suti. Tazama nyuma ya suti. Kama masale yanaonekana kule yalikopandwa na baba mkwe wako, ng'ambo ya kaburi, usimwonyeshe mtu, ifunge kwenye kanga umpelekee Wilbert mkononi.

Kisha ingia ndani, funga mlango, zima spika, mpigie mwanao umuulize upya. Atakujibu. Na akishakujibu vizuri, Mama Wilbert, jibu zuri kuliko yote aliyowahi kukupa, najua litakuwasha ulimi mpaka Krismasi, lakini usipite kwa Mektrida.