Naogopa Kumeza

Garissa,
Jumamosi mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimekuachia? Naomba uwe unavaa ile sweta niliyokuletea hata ukienda kwa jirani tu, usiseme ni ya kanisani. Sisi huku hatujui sweta ni kitu gani. Jua linawaka tangu kukicha, na feni yangu kazi yake ni kulihamisha joto kutoka kona moja hadi nyingine. Namshukuru Mungu mimi ni mzima, maana yake napumua. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Utashangaa, barua ya nini na simu ipo? Mama, simu ya hapo nyumbani ni ya kijiji kizima. Nikipiga tu, wifi Wakesho anaiweka sauti ya juu ili usikie vizuri, na wote wanasogea. Unaniuliza, "Mkamburi, unakula?" Nami najibu, "Nakula, Mama." Kila mara jibu ni hilo hilo. Leo nataka kukujibu sawasawa, na siwezi kulisema jambo hili huku kaka Mwadime anacheka nyuma yako. Mwalimu mmoja wa hapa anakuja Voi likizo, ameahidi kukufikishia.

Mama, sili. Chakula kipo, hela ipo, soko liko karibu. Naogopa kumeza.

Unakumbuka tulivyobishana kabla ya upasuaji. Ulisema tumbo ni la Mungu, halikatwi mtu akiwa hana kidonda. Mimi kila nikifumba macho nilikuwa namwona Baba, sukari imemla mguu mmoja na inauanza wa pili, na sukari yangu mimi ilikuwa imeshaanza kupanda. Hata leo sisemi kwamba nilikosea. Ili nipungue mwili na sukari ishuke, wale madaktari wa Nairobi waliondoa sehemu kubwa ya tumbo wakaacha kipande chembamba chenye umbo la ndizi, wakakifunga kwa pini ndogo ndogo za chuma. Kisha wakanifundisha kula upya kama mtoto. Kidogo kidogo, utafune mpaka kiwe uji, usinywe maji pamoja na chakula, ukishiba acha hapo hapo. Ukipuuza, waliniambia, utajuta.

Niliporudi kazini nilikuwa wa uji mwepesi na supu iliyochujwa. Kilichonitesa kwanza ni kiu. Kwa joto la hapa watu hugugumia kopo zima la maji wakashusha pumzi, nami nayadonoa kama kuku, chupa mkononi kutwa nzima. Nikazoea. Nikaanza mayai, nikaanza samaki, nguo zikaanza kunipwaya, nikawa najigeuzageuza mbele ya kioo. Pale ndipo Halima aliponialika.

Halima tunaishi naye ua mmoja. Anauza nguo sokoni, na tangu nihamie hapa ananiita abaayo, yaani dada. Binti yake alikuwa amejifungua na arobaini zimetimia, kwa hiyo wanawake wakaja kula. Sasa huku, Mama, hakuna habari ya kila mtu na sahani yake. Ni sinia moja la wali, nyama ya ngamia juu, na sote tumelizunguka kwenye mkeka. Mgeni hachagui nyama, anasogezewa. Kila mwenzako akipata kipande laini anakisukuma upande wako, na mbele yangu kukawa na kilima.

Hawakujua kwamba nilipasuliwa. Niliwaambia nilikuwa likizo. Na wewe nifikirie, mimi ndiye mkaguzi wa nyama wa mji huu, mhuri unaogongwa kwenye kila paja la mbuzi na ngamia ni wangu. Mkaguzi akikaa kwenye sinia akaiacha nyama, wanawake wale watafikiri nini? Watasema Daktari, ndivyo wanavyoniita, ameona kitu. Habari ingefika sokoni kabla hatujanawa mikono. Nikala. Nikala haraka haraka ili wanione nakula.

Kipande kilisimama katikati ya kifua. Hakikupanda, hakikushuka. Mate yakajaa mdomoni yakawa povu, na maumivu yakashika mpaka mgongoni. Nikainuka nikakimbilia ukutani nje. Nawasikia nyuma yangu, "Subhanallah! Mfupa! Leta maji, leta maji!" Wakaninywesha maji, yakarudi yote puani. Bibi mmoja akawa ananipiga mgongoni kama mkeka wa vumbi. Mimi akilini nilikuwa na neno moja tu, pini zimeachia. Nikajua nakufa pale, ukutani kwa watu, na wewe uko mbali huna habari.

Mwishowe kilitoka. Nilipogeuka, wote walikuwa wameacha kula, na Halima amesimama mlangoni. "Abaayo, chakula yangu nakufanya nini wewe?" Nikacheka nikasema ni mfupa tu. Siku ile nyama yake haikuguswa tena na mtu.

Kesho yake nikaweka yai mdomoni. Nikalitafuna mpaka likawa maji, na koo likafunga. Nikalitema. Mchana nikajaribu tena, nikatema tena. Tangu hapo, nikiona kijiko tu mikono inaingia jasho. Nyinyi huko mnasikiliza taarifa ya habari mnaniogopea risasi na mabomu ya barabarani, na mimi hapa, Mama, nimekaa naogopa yai.

Nikajiambia kinachoteremka ndicho salama. Chai ilikuwa inateremka. Unajua chai ya huku, maziwa, iliki, na sukari ya kutosha harusi. Nikaifanya chakula changu. Nikimaliza kikombe, moyo unaanza kwenda mbio, jasho linanitoka, mikono inatetemeka, na ninalala kwenye sakafu ya saruji nimeshika kifua nikisubiri kipite. Nilidhani ni pini. Kumbe, baadaye nimeambiwa, ni sukari hiyo hiyo, tumbo dogo linaimwaga yote kwa mara moja. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nyayo zikaanza kuniwasha kama nimekanyaga siafu, hasa nikilala.

Na watu wa ofisini wananisifu! Wananiuliza siri ni nini. Ni kule machinjioni tu ndiko walikosikitika, maana huku mwanamke mwenye mwili ndiye mwanamke. Abdi, yule mchinjaji mkubwa, alinitazama akatikisa kichwa. "Daktari, wewe nakonda sana. Nani natia wewe jicho mbaya?" Nikamwambia ni joto. Akasema, "Joto iko hapa miaka yote."

Juzi walimfungua ngamia, tumbo likamwagwa mbele yangu nilikague. Kazi hii naifanya miaka mingi, unajua, ndiyo iliyotusomeshea Mwadime. Naujua ule utando, naujua unavyochanika ukiukwaruza vibaya kwa kidole tu. Asubuhi ile nilishika kisu nikaona langu. Nikaliona limelala pale kwenye saruji, limefungwa kwa pini, na mtu mwingine ndiye mwenye kisu. Nikaanguka hapo hapo, nikazimia.

Niliambiwa wale wanaume hawakuthubutu kunigusa, kwa kuwa mimi ni mwanamke na si ndugu yao. Walisimama mbali wakanipepea kwa maboksi huku wanapiga kelele, mpaka akina mama wauza maziwa wakaitwa kutoka getini. Hao ndio walioniinua. Nikatolewa machinjioni juu ya mkokoteni wa nyama, Mama, tena bila mhuri.

Hospitalini nilimkuta daktari kijana, mpole. Alinipiga picha ya tumbo. "Kila kitu kimeshika," akasema, "hakuna kinachovuja." Nikalia mbele yake kwa ile nafuu. Akaniacha nikalia, halafu akaniuliza, "Mara ya mwisho kutafuna kitu ukakimeza ilikuwa lini?" Akanivua viatu, akanigusa nyayo kwa ncha ya kalamu, akaniambia nifumbe macho niseme anagusa wapi. Mara nyingine sikuhisi kitu.

Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yamekaa kichwani hayatoki. "Miguu yako inakufa ganzi kwa kukosa vitamini. Nitakuchoma sindano, lakini sindano si chakula. Ukirudi kwangu wiki ijayo ukiwa hivi, nakupeleka Nairobi uwekewe mrija wa chakula. Na ganzi hii ikizidi, huenda isirudi nyuma hata ukila." Basi ndio hapo nilipo. Nikila naogopa kufa, na nisipokula ndiyo nakufa. Naogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivi, hata Baba alipokuwa anaondoka.

Akanipa ushauri mmoja. Chukua kijiko cha chai, si kikubwa. Ukimeza, kiweke chini. Fanya jambo jingine, kidogo tu, mpaka uone kimeshuka. Ndipo uchukue kingine.

Aliyekuja kunichukua hospitalini leo asubuhi ni Halima. Tulipofika nyumbani nilimweleza yote, nikamwonyesha makovu. Alifunika mdomo. Halafu akapandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Wewe naficha mimi? Mimi jirani yako? Wallahi, sokoni watu nasema Halima nalisha sumu daktari wa nyama! Hakuna mtu nataka kuja kwangu kunywa chai!" Akalia, nami nikalia. Nilikuwa naogopa kusemwa kuhusu nyama, kumbe nimemwachia yeye asemwe. Tulipochoka akafuta macho kwa shungi, akasema, "Haya. Wewe nakula mbele ya mimi. Bole bole. Mimi leo sokoni hapana kwenda."

Akapika ndengu, akaziponda mwenyewe mpaka zikawa laini kabisa, akatia chumvi kidogo. Bakuli liko hapa, Mama, kando ya karatasi hii. Liko hapa tangu nilipokuamkia. Ndiyo sababu barua imekuwa ndefu hivi. Kila nikimaliza jambo natafuta jingine la kukuambia.

Halima amekaa mlangoni anachagua mchele, na ananitazama zaidi ya anavyoutazama mchele. Sasa hivi ameniuliza, "Abaayo, wewe naandika barua ama kitabu? Ndengu nabata baridi."

Sina la kuongeza ila salamu. Basi nitafanya hivi, nitakula kijiko, nitakiweka chini, nitaandika salamu moja. Mimi nikivumilie, nawe univumilie.

Nimekula. Nisalimie kaka Mwadime. Mwambie lile paa la jiko alilosema ataliziba kabla ya mvua, mvua imekuja mara ngapi? Kimeshuka.

Nisalimie wifi yangu Wakesho, na mwambie nimeota kimanga chake, ule muhogo wa kupondwa na maharage. Siku nikipiga simu, muombe aizime ile sauti ya juu, akupe simu uende nayo chumbani. Niulize tena ninakula nini, nitakwambia ukweli. Kimeshuka.

Nisalimie shangazi Mghoi, yule aliyefunga na kuomba nisifanyiwe upasuaji. Mwambie sasa aombe

Mama kimesimama

Kimeshuka. Unisamehe mwandiko huo, mkono ulikataa. Kilisimama pale pale pa siku ile, na jasho likanitoka mpaka machoni. Halima aliacha mchele akaja akakaa nyuma yangu, akaniwekea mkono mgongoni, hakunipiga. Alisema tu, "Ngoja. Natelemka. Ngoja." Nikangoja. Sijui muda gani. Kikateremka kama kitu cha kawaida. Sasa mimi ndiye ninayetetemeka, chenyewe kimeshafika.

Nilisema shangazi aombe niwe na moyo. Hilo tu.

Nimechukua kingine. Sikutaka. Nisalimie mzee Mwakio wa jirani, aliyemchimbia Baba kaburi bila kuomba kitu. Nimeogopa tena, lakini kimeshuka.

Kingine ni chako. Wewe sikusalimu, nimekwisha kukuamkia. Nakipa tu jina lako, nakaa nacho. Kimeshuka, Mama.

Watu wa kuwasalimia wameisha, na bakuli halijafika hata nusu. Halima amerudi kwenye mchele lakini hajaacha kunitazama. Daktari alisema niache nikishiba, na sijashiba. Nimeweka mkono tumboni nikasikiliza, kweli sijashiba. Ni njaa, Mama. Nilikuwa nimeisahau ilivyo.

Basi nisalimie na ng'ombe.

Kimeshuka.

Nisalimie na ndama wake.

Ni mimi mwanao, ambaye sasa hivi anakula,

Mkamburi.