Mbuzi Ilivyozima Mbele ya Jeneza Lako

Tata,

Ugonile. Najua hutaitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kukuandikia.

Bado nimeduwaa. Mtu anamaliza chai yake, anainama kufunga kamba za kiatu aende gereji, hainuki tena. Nilipokishika kikombe chako kilikuwa bado na joto. Mama alikwambia, "Acha utani, Baba Atupele," maana wewe na utani ni chanda na pete, na mimi nikacheka. Mpaka leo sielewi. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshafungwa.

Nikusimulie mazishi yako. Vijana wote wa bodaboda wa kijiweni walikuja kukuchukua mochwari, Kyela mjini, wakusindikize hadi nyumbani Ikolo. Taa zimewashwa, majani yamefungwa kwenye usukani, honi zinalia. Wakasema fundi wao hawezi kuongozwa na pikipiki yoyote isipokuwa Mbuzi. Ndiyo, Mbuzi yako ile, pikipiki ya michezo ya kupanda mawe, uliyoachiwa na padri mgeni aliporudi kwao, isiyo na siti. Watu walipokuuliza abiria anakaa wapi, ulikuwa unawajibu, "Kwenye mawazo yangu."

Lusajo, dereva wa bodaboda uliyemfundisha kazi, ndiye aliyeiendesha, amesimama wima kama wewe. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, karibu na lile daraja dogo, Mbuzi ikapiga ukelele mmoja, tairi la nyuma likakaza, ikazima. Hapo hapo, mbele ya gari la jeneza. Lusajo akapiga kiki, kiki haishuki. Pikipiki za nyuma zikazimwa moja moja mpaka nikasikia vyura wa majarubani. Kisha shangazi, dada yako, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekataa kwenda."

Vijana wakaibeba Mbuzi kando, gari likapita, lakini maneno hayo yalifika nyumbani kabla yako. Tulipokuzika pale migombani, kila mtu alikuwa anayajua. Baba mdogo akaamua kwamba siku ya kuanua matanga Mbuzi itapewa wanunuzi wa vyuma chakavu, isije ikaleta balaa. Wengine wakamtazama Lusajo. Kwa nini izime mikononi mwake? Amebeba nini? Abiria wakaanza kumkwepa, naye akaacha kukaa kijiweni.

Sasa nikwambie ambalo mama halijui. Mimi nilifurahi. Shangazi aliposema umekataa, kitu kilinyanyuka kifuani mwangu. Kama umekataa, basi upo. Kila asubuhi nilikwenda gereji kulishika tenki la Mbuzi, nikikusalimia. Nilimwomba baba mdogo aniachie niitengeneze, kumbe nilitaka tu ibaki vile vile, imegoma.

Lakini mtoto wa fundi hawezi kuitazama injini iliyofungwa kila siku akanyamaza. Nikachukua spana zako, nikafungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, nikavuta bloku, lile pipa ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Pistoni ilikuwa imechubuka, imejipaka kwenye ukuta wa bloku kama siagi kwenye mkate. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikamimina petroli kiganjani. Ilikauka papo hapo, haikuacha utelezi wowote. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Walijaza tenki, Tata. Walichanga wakalijaza mpaka shingoni kwa heshima yako, petroli tupu ya kituoni, kama wanavyojaza pikipiki zao. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Mbuzi hunywa petroli iliyochanganywa na oili, ili pistoni iteleze isishikane na ukuta. Wangejuaje? Ulikuwa ukiichanganya nyuma ya gereji kwenye chupa ya soda, umetugeuzia mgongo, na ukiulizwa unasema, "Chakula cha mbuzi hakimhusu ng'ombe." Hata mimi niliambulia harufu ya oili tu.

Kumbe hukukataa. Ni oili tu ilikosekana.

Asubuhi ile ya kiatu ulianguka. Kwangu mimi ulikufa siku hiyo, harufu ya petroli ikiwa mkononi mwangu. Nililia mpaka mama akaja kuniinua.

Basi nikatengeneza, maana nilikuwa sina kingine cha kufanya na mikono yangu. Kuchonga bloku ni mpaka Mbeya, na mfuko haukuruhusu. Nikaupaka ukuta wake tindikali ya kuoshea choo kwa kitambaa kwenye kijiti, yale mabaki ya pistoni yakachemka yakatoka, nikasuuza upesi, nikasugua kwa msasa. Pistoni nililainisha kwa tupa ndogo. Ringi mpya za pistoni zilipatikana Kasumulu, kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyeziulizia upande wa pili wa mto, Malawi. Gasketi ya shaba niliichoma kwenye jiko la mama mpaka ikawa nyekundu, nikaizamisha majini ilainike, kama ulivyokuwa ukifanya. Gasketi ya chini ya bloku niliikata kwenye boksi la biskuti. Injini bado inagonga kidogo. Ungeitukana, halafu ungeipanda.

Lusajo nilimweleza kwanza yeye. Akasema, "Kwa hiyo niliiua mimi." Nikamwambia hapana, ni mapenzi yetu sote, tulikupenda bila kuuliza. Siku ya matanga nikawaonyesha ndugu ringi za zamani zilizokuwa zimekwama, nikawaeleza mbele ya baba mdogo. Shangazi alizigeuzageuza muda mrefu mkononi, kisha akamwita Lusajo akae karibu naye. Chuma chakavu hakikutajwa tena.

Halafu tukaisukuma Mbuzi hadi darajani, pale pale ilipozima. Lusajo akachanganya petroli na oili mbele ya watu wote, kila mtu akiona. Ikawaka kwa kiki ya tatu, moshi wa bluu ukatufunika, na ile harufu yako ikatoka, Tata; mama akaziba pua kwa kanga, akaondoka. Lusajo akanipa usukani. Nilisimama, nikaimalizia ile safari, bodaboda zote nyuma yangu, mpaka migombani.

Nakuahidi hakuna atakayeilisha Mbuzi bila kujua. Nimeandika kwenye tenki kwa rangi nyeupe: CHANGANYA OILI. Na kila kijana atakayeingia gereji nitamfundisha nikiwa nimemgeuzia uso.

Kando ya kaburi lako niliiacha ingurume kidogo, usikie. Kisha niliizima mwenyewe, kwa mkono wangu.

Ndaga fijo, asante sana, Tata. Nenda.

Mwanao,
Atupele