Baba Alichora Nusu ya Uwanja

Duka la Cherehani Tatu,
S.L.P. 417.
Jumamosi, tarehe 6 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kifua,

Pokea salamu zangu, na za kila anayekaa au kupita hapa dukani. Hujambo? Lile vumbi la huko kambini bado linakukohoza? Usinijibu "mzima tu" kama ulivyozoea. Mimi ni dada yako, sema panapouma. Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo umepona, kwa hiyo sasa hana kisingizio cha kukwepa ndoo za maji. Habari ya baba nakuja nayo, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Simu yako nimeipiga mpaka kidole kimechoka. Dereva wa kampuni yenu anaondoka kesho, na ameniapia kwamba barua hii utaipata mkononi kabla ya Jumatano. Isome yote, usiruke.

Unalikumbuka onyesho la matarumbeta ambalo baba aliliota tangu wewe unapuliza bomba la maji na kutuumiza masikio. Mwaka huu limefika: bendi tatu, uwanja wa mpira, watu elfu nne, Jumamosi ya tarehe ishirini. Sare zote tisini ameshona yeye, mimi nimetoboa vifungo tu. Kilichobaki kilikuwa kibali cha halmashauri.

Utauliza kwa nini isiwe mwakani. Hapa nakuomba radhi, nilikuficha. Daktari wa macho alisema presha ya macho imeshalimaliza jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Huenda mwaka usiishe likiwa linaona. Na tukikosa tarehe ishirini, uwanja hauna nafasi tena mpaka mwezi wa tano.

Ombi tulilipeleka mapema. Barua ya polisi, barua ya zimamoto, ya gari la wagonjwa, sahihi za majirani, hata idadi ya vyoo. Kila karatasi ilizaa nyingine. Mwisho wakataka ramani ya uwanja yenye mageti yote. Baba akasema ramani aachiwe yeye, amepima viuno vya watu miaka arobaini, atashindwa na kiwanja? Tukamwachia. Jumatatu hii ikaja barua: ombi limekataliwa, mageti mawili hayatoshi watu elfu nne, yanatakiwa manne. Mwenye pingamizi alilete kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Mageti mawili! Uwanja ule tumeuzunguka tangu utoto, una manne. Nikatafuta nakala ya ramani, nikaona alichora nusu tu. Nusu safi, yenye vipimo, halafu mstari wa vitone, na baada ya hapo karatasi nyeupe. Moyo ukanipasuka. Nikasema basi, jicho limekwenda, baba sasa anaona nusu ya dunia. Nilijifungia stoo nikalia, nikijifuta kwa kitambaa cha bitana.

Nilipomuuliza, akanishangaa. "Wewe mtoto wa fundi hujui mkunjo? Upande huu na ule ni sawa. Nichore mara mbili ya nini?"

Kifua, nilicheka mpaka nikashika meza. Alikuwa ameuchora uwanja kama mgongo wa shati: unakunja kitambaa, unachora nusu, unakata, unakunjua. Na sisi sote tuliipitisha ramani ile bila kuona kasoro, kwa kuwa tumekulia katikati ya nusu za mashati.

Ijumaa asubuhi tukawa halmashauri. Afisa wa vibali ni mama mmoja mkavu, miwani puani, kila neno kama analigonga muhuri kwanza. Baba akakunja karatasi juu ya kaunta, akatoa mkasi mfukoni, akakata kufuata mchoro, akakunjua. Uwanja mzima, mageti manne. Foleni ikapiga makofi. Yule mama hakutabasamu.

"Shati nimeliona, mzee," akasema. "Geti la nne ulilipita lini?"

Baba akakohoa, akaurudisha mkasi mfukoni. Mama akasema tukapime mageti yote, atakuja uwanjani mwenyewe saa tisa. Nilimchukia palepale, nikamtukana moyoni njia nzima.

Tukaenda na tepu ya dukani. Geti la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa. La nne, kwenye kona ya kulia, halipo. Fundi wa kuchomelea aliye nyuma ya ukuta ameliziba na mabati, fremu za madirisha na vyuma chakavu tangu chini hadi juu. Baba akasimama mbele ya lundo lile, hatua tatu tu, akaninyooshea tepu: "Shika ncha hiyo, tupime geti."

Nilishika ncha, mdogo wangu. Sikujua nifanye nini kingine. Alikuwa anaona chuma na kuamini ni geti. Mwezi wa saba alikwenda kuukagua uwanja, akaona upande mmoja, wa pili akaukisia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; baba yetu ameumbuliwa na geti. Nilipomwambia kilicho mbele yake, akaukunja ule utepe polepole kwenye kiganja, akaniuliza saa ngapi. Ilikuwa saa sita na nusu.

Fundi wa kuchomelea alikuja juu. Vyuma vyake vina miaka sita pale, nani amelalamika? Unaujua ulimi wangu. Niliyomjibu karatasi hii haiyawezi. Baba akanivuta nyuma, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, kuna kitu kimoja nataka kukiona kabla sijaacha kuona. Nisaidie." Sikuwahi kumsikia akilisema hilo kwa kinywa chake. Yule bwana alimtazama, akaweka nyundo chini, akaanza kubeba fremu.

Tukaita bendi yetu nzima. Wapiga ngoma, wapiga tarumbeta, na shemeji yako na mgongo wake. Lundo lilipokwisha, bawaba zikawa zimeshikana kwa kutu. Saa nane na nusu, geti halijatikisika. Fundi akaleta mashine akazikata, cheche zinaruka, mimi nahesabu dakika kwa kuuma kucha. Saa tisa kasoro robo geti likaegeshwa ukutani, njia wazi.

Saa tisa kamili mama mkavu akafika. Akapita getini, akarudi, akapita tena. Akapima kwa tepu ya baba. Kisha akasaini juu ya boneti ya gari, na chini yake akaongeza sharti kwa kalamu: kila geti liwe na mtu wake, na mzee huyu akae mstari wa mbele, kona ya kulia, onyesho lote liwe kushoto kwake. Kumbe aliona kuliko sisi sote. Matusi yangu nimeyafuta.

Leo asubuhi nilianza kupiga pasi sare. Tisini, nilikwambia. Nikahesabu tisini na moja. Hiyo moja ina kifua chako cha miaka saba iliyopita, na ndani ya kila mshono ameacha kitambaa cha ziada, kama umenenepa. Nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Nimemkatia kwa kukisia," akasema, "kama lile geti. Mwambie aje nimpime ningali naona."

Basi nimekwambia. Mama mdogo anakusalimu, shemeji yako anakusalimu, na wanangu mapacha wanauliza kama mjomba ni mtu au ni sauti ya simu. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama. Sare yako nimeitundika karibu na mlango. Sijaipiga pasi, nakungoja.

Ni mimi akupendaye, hata unapokaa kimya,
Dada yako.